Mtegemezi wa Namba Arobaini na Saba

Mzee Ngolo alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kufiwa. Baada ya kufiwa, hata hayo machache aliyaona mengi. Ukimsalimu, anaitika. Ukimuuliza njia, anakuonyesha kwa kidevu. Jirani yake Nkuba, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi pale Ubaruku, alizoea kusema, "Ngolo akifungua mdomo ujue anapiga miayo."

Kwa hiyo siku gari la wasomi lilipokuja kumchukua aende Iringa, akaonyeshwe mbele ya watu kama mkulima mwenye hadithi bora Usangu nzima, Nkuba alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi asianguke.

Jambo lenyewe lilianza mwaka sabini na moja, mwezi wa saba, mpunga umeshaingia ghalani. Walikuja vijana wawili na dereva. Wa kwanza aliitwa Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, amevaa viatu vyeusi vya kamba katika vumbi lile. Wa pili aliitwa Didas. Huyu ndiye aliyebeba kila kitu: sanduku, meza ya kukunja, karatasi, na chupa ya chai ya Isakwisa.

"Hawa wametoka chuo kikuu," Nkuba alisema, amevimba kama mwenye wageni wake. "Wanapima ari."

"Ari gani?" Ngolo aliuliza.

"Ari ya mafanikio, mzee," Isakwisa akajibu. "Tunataka kujua kwa nini watu wengine wanafanikiwa na wengine hawafanikiwi. Nyinyi mlikuja hapa kutoka Usukumani na ng'ombe waliokonda. Sasa mna zizi, mna majaruba ya mpunga. Ndani yenu kuna kitu. Hicho ndicho tunachokitafuta."

"Maji," Ngolo akasema.

"Samahani, mzee?"

"Hapa kuna maji."

Isakwisa hakuandika. Mtu aliyesafiri siku mbili kutafuta kitu ndani ya watu hapendi kuambiwa kwamba kiko mtoni.

Mke wa Ngolo alikuwa amekaa kivulini upande wa ghala, anapepeta mchele. Jina lake Kashindye, lakini Ngolo alimwita binti Budeba, kwa jina la baba yake, maana mume wa makamo kumwita mkewe kwa jina tupu mbele ya watu ni kukosa adabu. Yeye naye alimwita Baba Antoni. Aliinua ungo, akapuliza pumba, akauliza, "Na hiyo ari mnaipima kwa debe au kwa pishi?"

Dereva alicheka. Isakwisa alimtazama mama huyo kama watu wanavyomtazama kuku aliyeingia kanisani, kisha akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na picha. Zilichorwa Ulaya kwa ajili ya watu wa Ulaya, kisha mtu akazipaka wino usoni ili ziwe za Waafrika. Pua hawakuzigusa. Isakwisa alitoa moja akaiweka mbele ya Ngolo. Kijana amesimama kando ya shamba, jembe begani, na nyuma yake kilima.

"Tuambie hadithi, mzee. Mtu huyu ni nani? Nini kimetokea? Anawaza nini? Na mwisho itakuwaje?"

Ngolo aliitazama picha. Aliitazama muda mrefu, kwa heshima ya wageni.

"Mtu," akasema. "Ana jembe."

"Ndiyo. Anawaza nini?"

"Nitajuaje? Simfahamu."

"Kisia tu, mzee."

"Mtu usiyemfahamu humsemei."

Didas aliandika maneno hayo yote, na yalichukua mstari mmoja na nusu. Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari thelathini. Wote wawili wakaitazama karatasi kama watu wanaotazama sufuria tupu.

"Lete nione," Kashindye akasema. Hakungoja kuletewa. Alikuja na ungo wake, akainama juu ya meza, pumba zikaanguka kwenye karatasi za serikali.

"Huyu ameazima jembe," akasema. "Mtazameni anavyolishika. Jembe lako unalitupa begani. Huyu amelibeba kama mtoto wa watu. Ni mgeni. Kwao vumbi, kaja nchi ya maji, na wenyeji wamempa lile tope lisilotakiwa na mtu, ambalo hata kiboko akipita anageuza uso."

"Mwache mzee aseme, mama," Isakwisa alianza.

"Mzee kamaliza," Kashindye akasema. "Si umesikia? Haya. Kalima siku nne. Ya tano, mpini umevunjika. Wewe unadhani anatazama kilima? Hatazami kilima. Anatafuta uongo wa kumwambia mwenye jembe."

Dereva alishuka garini akasogea.

"Aseme liliibiwa? Mwizi gani aibe mpini aache chuma? Aseme ng'ombe kalikanyaga? Ng'ombe hana. Basi akaenda porini akakata mti, akachonga mpini mwingine. Akachonga siku mbili, maana ni mtu wa aibu. Na mpini ulikuwa mzuri, jamani. Ukiushika, mkono wenyewe unataka kulima. Akampelekea mwenye jembe. Mwenye jembe akashika, akanyamaza. Kesho yake kaja na majembe mawili. 'Na haya yamevunjika.' Yamevunjika lini? Kayavunja mwenyewe alfajiri! Keshokutwa wakaja ndugu zake. Kila mtu jembe lake limevunjika. Nchi nzima mipini ikawa inavunjika yenyewe. Mgeni anachonga, tope lake limekaa tu, mvua inakuja."

"Halafu?" dereva akauliza.

"Halafu mke wake akamwambia: wewe ni mume wangu au ni mpini wa watu? Ndipo kaona haya. Akaenda kwa wote, nyumba kwa nyumba. Akang'oa chuma, akampa kila mtu chuma chake. Akawaambia: jembe lako hili. Mpini ni wangu. Na mpini wangu unataka kulima kwangu. Anayeutaka aje aushike shambani kwangu, siku moja, arudi nao nyumbani. Wakaja wote. Kwa siku moja tope likawa jaruba."

Aliinua ungo wake. "Mwisho itakuwaje? Mwisho mvua ilinyesha. Mnataka chai?"

Nkuba alikuwa anafuta machozi. Dereva alipiga boneti kwa kiganja. Didas aliandika mpaka mkono ukamshika ganzi, akajaza mistari yote thelathini, akageuza karatasi upande wa pili.

"Unaandika wapi?" Isakwisa akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye fomu ya mzee."

Isakwisa alifikiri kidogo. "Sawa. Kaya moja, fomu moja."

Ngolo alisikia. Hakuelewa, na hakuuliza. Wageni walikunywa chai, wakaacha mche wa sabuni, wakaenda kuwatafuta wengine.

Ukweli ni kwamba kama mtu angetaka kujua nani alifanikiwa katika nyumba ile, angeuliza jirani yeyote, bila picha. Ngolo alitoka Maswa na ng'ombe kwa miguu, mwezi mzima na siku kadhaa, na mwaka wa pili hapo Usangu alitaka kurudi. Mbung'o walikuwa wamemla ndama, homa imemla yeye mwenyewe. Alifunga mzigo. Kashindye aliufungua. Alifunga tena. Aliufungua tena, akatoa vyungu akapika. "Rudi," akamwambia. "Ukifika wasalimie." Ngolo hakurudi. Jaruba la kwanza alilichimba Kashindye, mtoto mgongoni, mumewe anazunguka na ng'ombe. La pili pia. Ni yeye aliyewaona wanawake wa Kisangu wakipanda mbegu fulani ya mpunga mapema, akawaomba, akawapa maziwa, akapewa. Ngolo aliyajua hayo yote. Hakuyasema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na kwa kuwa Kashindye mwenyewe alikuwepo kuyasema.

Masika ya sabini na nne Kashindye aliugua siku tatu. Mto ulikuwa umejaa, hakuna gari lililoweza kuvuka. Siku ya nne alizikwa.

Ngolo aliwaandikisha ng'ombe, alihesabiwa kwenye kijiji kipya, alijenga nyumba yake kwenye mstari kama walivyoagiza viongozi. Mtu akitaja jina la marehemu, yeye anaondoka aende kutazama maji. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alimfuata mara tatu. Ngolo alimjibu, "Nisome nini?" Mwalimu hakurudi tena.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, ndipo Landrova ya wasomi ikarudi. Isakwisa sasa alikuwa Dakta. Viatu vilikuwa vya kahawia, suti ya mikono mifupi, na tumbo limeanza kutangulia. Didas alikuwa Didas yule yule, na chupa ya chai bado ilikuwa mkononi mwake.

"Mzee, shikamoo! Hongera sana," Dakta Isakwisa akasema. "Katika kaya mia moja na ishirini za Usangu, wewe umekuwa wa kwanza. Namba arobaini na saba. Tuna mkutano Iringa. Mabwana shamba wa mkoa mzima wanataka kukuona."

"Waone nini?"

"Wakuone wewe. Mkulima mwenye ari."

Nkuba ndipo alipocheka akashika nguzo. "Dakta, huyu? Mkimpeleka huyu, pelekeni na ng'ombe wake awe anamjibia!"

Ngolo hakupenda kwenda. Alikwenda kwa sababu Nkuba alisema gari la serikali halikataliwi, na kwa sababu nyumba ilikuwa kimya.

Njiani, Dakta alikaa mbele na dereva. Ngolo na Didas walikaa nyuma kati ya makabrasha. Walipofika lami pale Igawa, kelele zikapungua, Didas akasema, "Mzee, pole kwa msiba. Tumesikia jana tu. Yule mama... mimi nimewasikiliza watu mia na ishirini. Sijamsikia mwingine kama yeye."

Ngolo alimtazama.

"Ile hadithi yake ya mpini ndiyo iliyokupa wewe nafasi ya kwanza," Didas akaendelea, polepole. "Iliandikwa kwenye fomu yako. Fomu za wanawake hatukupewa. Ikapewa alama kumi na moja. Kikwazo, alama. Juhudi, alama. Msaada wa wengine, alama. Hakuna hadithi nyingine iliyopita saba."

"Maneno yake yako kwenye karatasi?"

"Yako kwenye hilo sanduku uliloegemea."

Ngolo aliondoa mgongo. Mwaka mmoja na nusu alikuwa hajasikia kwamba kuna kitu cha mkewe duniani zaidi ya vyungu. Nguo walizichukua dada zake. Sauti ilikwenda na yeye. Na kumbe maneno yake yalikuwa yanazunguka nchi ndani ya sanduku la bati, na juu yake limeandikwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo ni yeye Ngolo.

"Jina lake halipo?"

"Hata lako halipo, mzee. Ni namba tu. Majina tunayatupa, ni utaratibu." Didas alicheka bila furaha. "Mimi nimeandika kila neno la kitabu cha Dakta kwa mkono. Nimo ukurasa wa mwisho, pamoja na dereva. Tumeshukuriwa."

Makambako walisimama kunywa chai. Baridi ilikuwa kali, na Dakta aliagiza maandazi kwa wote kama mtu anayegawa ng'ombe wa posa. Ngolo hakugusa andazi.

"Dakta. Ile hadithi ni ya mke wangu."

"Naam, mzee, nakumbuka alisaidia kidogo."

"Hakusaidia. Alisema yeye. Andika jina lake."

Dakta Isakwisa alifuta mafuta vidoleni, akaanza kufundisha. Alieleza kwamba utafiti una sampuli. Sampuli ni wakuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni mume. Hadithi ikiwa ya mke, basi iko nje ya sampuli, na kilicho nje ya sampuli kinafutwa. "Kwa hiyo nisikilize, mzee, kwa faida yako na yake. Ukinyamaza, maneno yake yanabaki kwenye kitabu. Kitabu kitakaa maktaba miaka mia. Ukisema si yako, nayatoa. Sina njia nyingine. Itakuwa kama hakusema."

"Kitabu kina jina la nani juu?"

"Langu."

"Wewe ulisema nini?"

"Mimi nilichambua."

Ngolo alitafuna neno hilo muda mrefu kuliko wenzake walivyotafuna maandazi. Maswa alikozaliwa watu hulima pamba, na kila nyumba ina mtu anayekaa chini kuichambua, safi huku, chafu kule. "Kwetu anayechambua pamba," akasema, "hasemi shamba ni lake."

Didas alikohoa ndani ya kikombe. Dakta alilipa, wakaondoka.

Kutoka Makambako mpaka Iringa Ngolo alikaa ameweka mkono juu ya sanduku. Miaka mia. Wajukuu wake watakuwa wamekufa. Nani atajua kwamba palikuwa na mwanamke aliyesema mpini ni wangu? Antoni mwanawe alikuwa Mbalizi anauza ng'ombe, naye alimkumbuka mama yake sikukuu hadi sikukuu. Nkuba alikuwa anasimulia ile hadithi kilabuni na kuichanganya. Kwa nini asinyamaze tu? Kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza maisha yake yote. Gari lilipopita Mafinga alikuwa ameshakata shauri. Atanyamaza. Bora maneno ya mkewe yaishi chini ya jina la mwingine kuliko yafe na jina lake.

Ukumbini walikuwa watu kama themanini. Mabwana shamba, makatibu, mapadri wawili, wachungaji watatu, na wakulima wachache waliokaa nyuma na kofia magotini. Ngolo alikalishwa mbele, kwenye kiti, peke yake. Ukutani palitundikwa chati yenye nguzo za rangi. Nguzo ya Usangu ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa upana wa ukucha.

Dakta alisema saa nzima. Alisema kwamba ari haitoki mtoni, inatoka malezini. Mtoto wa kiume huirithi kwa baba yake, baba aliye imara, anayemwekea malengo. Ngolo alimkumbuka baba yake, ambaye aliuza fahali wa mahari ya kaka yake akanywa pombe siku sita, na siku ya saba akauliza fahali yuko wapi.

Kisha Dakta akasema, "Sasa nitawasomea hadithi ya namba arobaini na saba."

Ngolo alifumba macho apate kumsikia mkewe.

"Mhusika," Dakta akasoma, "ni mhamiaji. Anakabiliwa na kikwazo cha kifaa. Anabuni kifaa mbadala chenye ubora wa juu. Jamii inatambua ubora huo. Mhusika anatumia utambuzi huo kuhamasisha nguvukazi. Lengo linafikiwa."

Alifunga karatasi. Watu walipiga makofi.

Ngolo alifumbua macho. Alidhani bado. Alidhani huo ni utangulizi na hadithi yenyewe inakuja. Haikuja. Hapakuwa na kiboko aliyegeuza uso, wala majembe yaliyovunjwa alfajiri. Hapakuwa hata na mke aliyeuliza wewe ni mume wangu au ni mpini wa watu. Walikuwa wameichemsha mpaka mifupa ikaisha, na hayo ndiyo yatakayokaa miaka mia.

"Na sasa sifa za mhusika wetu mwenyewe," Dakta akaendelea, akisoma sehemu ya juu ya fomu. "Mwanamume, miaka hamsini na minane. Hajasoma. Ng'ombe thelathini na wawili. Majaruba manne. Wategemezi: mke mmoja, watoto wanne."

Ngolo alisimama.

"Mzee, maswali mwishoni," mwenyekiti akasema.

"Si swali." Alimgeukia Dakta. "Mke mmoja ni nini?"

"Mtegemezi, mzee. Mtu unayemlisha."

"Nani alimlisha nani?"

Dakta Isakwisa alitabasamu kwa meno. "Mzee wetu amechoka na safari..."

"Hadithi ile si yangu," Ngolo akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu wa nyuma waliinama mbele ili wasikie. "Ni ya mke wangu. Ari alikuwa nayo yeye. Mimi nilitaka kurudi Maswa. Picha ile mimi nilisema, 'Mtu. Ana jembe.' Andika hiyo."

Mkulima mmoja nyuma alicheka kwa nguvu, akafuatwa na wengine. Dakta alishuka jukwaani akaja karibu, akanong'ona. "Mzee. Tulielewana Makambako. Nikiitoa, imetoka. Hutaipata tena."

"Futa."

"Maneno ya marehemu, mzee! Fikiri."

"Nimeyasikia uliyosoma. Hayo ni yako. Futa."

Hapakuwa na njia. Watu themanini walikuwa wamesikia. Dakta alirudi mezani, akachukua fomu, akapiga mstari. Ngolo hakukaa mpaka kalamu ilipofika mwisho wa karatasi.

"Basi yeye mwenyewe ana alama ngapi?" padri mmoja akauliza, kwa nia njema.

Didas alijibu kutoka nyuma, penye chupa ya chai. "Sifuri, padri."

Walicheka tena. Ngolo hakuona aibu. Sifuri ile ilikuwa yake kweli, hakumwibia mtu.

Bwana shamba mmoja, mtu wa hesabu, aliinua mkono. Je, namba arobaini na saba ikitoka, wastani wa Usangu unabaki pale pale? Dakta alisema suala hilo litaangaliwa. Bwana shamba alikuwa na kalamu, akaliangalia hapo hapo. Wastani ulishuka. Ile nguzo ndefu ya chati ikawa fupi kuliko ya jirani yake, na mambo ya baba imara na malezi yakakosa pa kusimama. Ari yote ya Usangu, iliyopimwa miaka minne kwa fedha za watu, ilikuwa imetundikwa kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mchele.

Mwenyekiti akatangaza chakula.

Hakuna aliyemwita Ngolo meza ya wageni. Kiti chake kilikuwa kimeondolewa. Alifuata harufu, akafika jikoni nyuma ya ukumbi, ambako wanawake watatu walikuwa wanapakua ugali na maharage. Mkubwa wao, mama wa Kihehe mwenye mikono minene, aliitwa Rozalia.

"Kamwene, baba. Wewe si ndiye uliyewaharibia mkutano?"

"Ndiyo."

"Kaa. Anayewaharibia wale anastahili nyama." Alimpa kigoda na sahani. "Mwaka jana walinipima mimi kichwa. Na mabega. Mpaka leo sijaambiwa nina kichwa gani. Hiyo hadithi waliyoifuta ilikuwaje?"

Ngolo alishika tonge. Alitaka kusema ilikuwa ya jembe, basi. Lakini mama yule alikuwa amesimama na upawa mkononi, anangoja, na nyuma yake wengine wawili wameacha kuosha sahani.

"Palikuwa na mtu ameazima jembe," akasema.

Akaisema. Alianza kama mtu anayevuka mto wa mawe, anakanyaga moja, anasimama, anatafuta la pili. Hajawahi kusimulia kitu. Lakini alikuwa ameisikia mara nyingi baada ya siku ile, maana Kashindye aliipenda, na kila mara aliiongeza. Alipofika kwa mwenye jembe na majembe yake mawili, Rozalia alipiga upawa kwenye sufuria. "Kayavunja mwenyewe huyo! Namjua! Shemeji yangu huyo!" Wakacheka wote, na Ngolo akasikia anacheka, na akaona haya kidogo, akaendelea.

"Mimi ningewachapa na huo mpini," mmoja wa waosha sahani akasema.

"Hakuwachapa," Ngolo akasema kwa ukali. "Ngoja mke wake aseme."

"Naye alikuwa nani huyu mama aliyeitunga?" Rozalia akauliza.

Ngolo aliweka sahani chini. Mke wa mtu humwiti kwa jina tupu. Lakini huyu hakuwa tena wa kuitwa, alikuwa wa kutajwa.

"Kashindye," akasema. "Kashindye binti Budeba. Wa Ubaruku."

"Kashindye binti Budeba," Rozalia akarudia, anaonja jina kama chumvi. "Haya, endelea, Kashindye anasemaje?"

Kicheko kilikuwa kimevuka ukuta. Dakta Isakwisa alitokea mlangoni, daftari mkononi, uso umechangamka kama mtu aliyeokota sarafu.

"Mzee! Kumbe unaijua yote? Vizuri sana. Hii haifai kwa utafiti ule, lakini ipo aina nyingine. Masimulizi ya jadi. Anza mwanzo, niandike."

"Andika jina kwanza," Ngolo akasema.

"Masimulizi ya jadi hayana mtunzi, mzee. Ni ya jamii. Tunaandika tu: mwanamke, Msukuma, Usangu."

Ngolo alirudi kwenye sahani yake. Hakuwa na neno la kumpa.

Rozalia alikuwa nalo. "Mwanamume, Mnyakyusa, mlangoni," akasema, "pisha njia, sufuria ina moto."

Dakta alipisha. Wanawake walipita na sufuria, wakarudi mbio, wakakaa chini karibu na kigoda.

"Eeh, baba," Rozalia akasema. "Mipini imevunjika nchi nzima. Mke wake kamwambiaje?"